Wabunge Waje Mpakani Kabla Bajeti Haijapita

Ndugu zangu wa Kamembe, Bugarama na Nyamasheke,

Mvua ikishika Nyungwe na udongo ukaporomoka barabarani, magari ya Kigali huzungushwa Karongi, na nyanya zinaozea njiani. Barabara ya Bugarama ina lami hadi Ruhwa, lakini Burundi ilipofunga mpaka Januari 2024, safari zikaishia getini. Na pale Rusizi ya Kwanza, mpakani na Kongo, alfajiri, mama amesimama kwenye foleni na beseni kichwani, mtoto mgongoni. Foleni ikichelewa, soko la Bukavu limeshajaa, naye anauza kwa hasara ili asirudi na mzigo.

Wahandisi wa RTDA, wakala wa maendeleo ya usafiri nchini, wanajua kazi yao. Barabara inayofuata Ziwa Kivu hadi Rubavu tunaitumia na tunaishukuru. Lakini mhandisi hafungui mpaka, hapangi saa za kuvuka, wala hawezi kuamua leseni ya boti ya Rusizi itambuliwe Bukavu. Hayo ni mambo ya sheria na makubaliano kati ya nchi. Kwa hiyo watunga sheria wanapaswa kuwemo tangu mpango wa usafiri unapoanza kuchorwa, si kuletewa tarakimu mwishoni wazipigie kura.

Wengi tunauliza: mbunge wetu ni nani? Kwa sheria ya Rwanda, wabunge 53 kati ya 80 hutoka kwenye orodha za nchi nzima, kwa hiyo hakuna anayeitwa mbunge wa Rusizi. Hilo lisitukatishe tamaa. Mkoa wa Magharibi una viti 6 vya wabunge wanawake na viti 3 vya maseneta. Maseneta hao huchaguliwa na wajumbe wa Njyanama, yaani mabaraza ya wilaya, pamoja na kamati tendaji za sekta, watu tunaokutana nao sokoni na kanisani. Mjumbe wa Njyanama aliyempigia seneta kura anaweza kumwomba aje, na sisi tuna haki ya kumsukuma mjumbe huyo.

Kuna mlango wa pili, na huu tumeuacha bila kubisha hodi. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge 9 kutoka kila nchi mwanachama. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongomani wanakaa ukumbi mmoja Arusha. Kona yetu hii, yenye nchi tatu ndani ya mwendo mfupi wa gari, ina wasemaji 27 mle ndani. Mkataba wa Jumuiya unazitaka nchi zishirikiane kutunza barabara zinazoziunganisha, na unamruhusu mbunge yeyote kuwasilisha hoja. Hoja ya Ruhwa na ya foleni ya Rusizi itawasilishwa na nani, kama sisi tunaoumia hatujamwandikia mtu?

Basi tufanye hivi. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ukiisha na watu wakikaa kuzungumza, suala la usafiri liwe la kwanza. Vyama vya ushirika vya akina mama wa mpakani, wa motari, wavuvi wa sambaza na wakulima wa mpunga wa Bugarama viandike barua moja, si nne. Ndani yake ziwemo saa zinazopotea, njia inayofungwa na hasara inayopatikana, kama kila mmoja anavyozijua kwa mkono wake. Wenye jamaa Bukavu wawaombe wenzao wawaandikie wabunge wao wa Arusha ombi hilohilo.

Barua iwaalike maseneta na wabunge hao waje wenyewe: wasimame Rusizi ya Kwanza alfajiri, kisha washuke Ruhwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hujadili makadirio wiki nyingi kabla ya hapo. Barua ikifika Juni, itakuta kila faranga imeshapangiwa kazi. Ifike Machi.