Tushindanie Usukani, Si Mbio

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya mashindano ya motokaa za rimoti, ambayo sisi wanafunzi huyafanya uwanjani kila mwisho wa muhula.

Wasomaji wengi mwazijua motokaa hizi. Tangu zamani watoto wa Malawi huunda galimoto kwa waya na kuziendesha kwa fimbo ndefu yenye usukani. Sisi wa Dzaleka tumeongeza jambo moja: twanunua vichezeo vibovu vya rimoti katika soko la Lilongwe, twachukua mota, magurudumu na kile kisanduku kipokeacho amri, kisha twajenga bodi ya waya juu yake. Matairi twayavisha mpira wa kandambili zilizochakaa. Atakayeidharau kazi hii hajapata kuifanya.

Lakini kanuni ya mashindano ni moja tu: wa kwanza kufika ndiye mshindi. Mimi naona kanuni hii yatufunza ujinga, na sababu zangu ni hizi.

Muhula uliopita motokaa yangu ilikuwa ikivuta kushoto. Nikadhani dawa yake ni nguvu. Nikamwomba mama fedha alizopata kwa kuuza maandazi, nikamwagiza jirani aliyekuwa na ruhusa ya kwenda Lilongwe aniletee betri kubwa zaidi. Siku ya mashindano motokaa ikaenda kushoto vile vile, ila kwa kasi zaidi. Ikagonga jiwe, na mota ikatoa moshi. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, hilo gari lilikuwa na njaa, au lilikuwa limeteguka mguu?"

Swali lile lilinifumbua macho. Nilipopata mota katika kichezeo kingine kilichokufa, nilianza upya bila kununua kitu. Kwanza niliipeleka motokaa hatua kumi, kisha nikairudisha njia ile ile, maana mteremko huweza kumdanganya mtu. Ikivutwa na mteremko, itaangukia upande ule ule wa uwanja kwenda na kurudi. Kosa likiwa ni lake, itavuta kushoto kwake daima. Yangu ilivuta kushoto kwake. Nikapima magurudumu ya mbele kwa uzi, nikakuta la kushoto limetazama nje. Nikayarekebisha yote mawili yatazame ndani kidogo sana, kwa kiasi kilicho sawa, na hapo ikashika njia. Yakitazama ndani mno huburura, na betri huisha upesi. Kile kitufe cha kusawazisha usukani kwenye rimoti nilikiacha mpaka mwisho, kwa sababu huficha kosa kama hili wala hakiliondoi.

Pili, betri ilikuwa juu. Nikaifunga chini kabisa, kwani uzito ulio juu huipindua motokaa kwenye kona. Tatu, ilipokataa kukata kona ikawa yasukuma mbele tu, niliisogeza betri mbele kidogo ili magurudumu ya mbele yashike udongo. Ukizidisha, mkia huteleza na motokaa huzunguka kama pia. Kila mara nilibadili jambo moja tu, nikaliandika katika daftari. Ukibadili mawili pamoja, hutajua lipi lililoponya.

Sasa, wenzangu, tazameni. Mwendo hununuliwa Lilongwe, lakini usukani hutengenezwa hapa hapa. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994, nayo iko zaidi ya kilometa 40 kutoka mji huo. Utaratibu wa Malawi wamtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru hata waliokuwa wakiishi mijini warudi. Basi mwenye ndugu wa kumtumia fedha, au mwenye ruhusa ya safari, ndiye apataye betri kubwa. Mwenye mikono stadi na mfuko mtupu ameshindwa kabla ya kuanza. Hayo si mashindano ya ufundi.

Shauri langu ni hili. Tupange mawe manane katika mstari, na kila motokaa ipite kati yake ikipinda kushoto na kulia, kwenda na kurudi. Betri ziwe za aina moja kwa wote. Saa ipimwe, lakini kila jiwe litakaloguswa liongeze sekunde tano.

Najua wengine watasema kwamba watazamaji wapenda mbio. Ni kweli, hata mimi nazipenda. Lakini mwenye mbio hakukatazwa kushinda, mradi aweze kuzitawala. Tena wadogo zetu huketi ukingoni mwa uwanja ule, na motokaa isiyotii haichagui kati ya jiwe na mguu wa mtoto.

Wazee walisema akili ni mali. Kwetu sisi ndiyo mali isiyohitaji ruhusa ya safari. Daftari langu lipo. Atakaye kulisoma na aje.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Dzaleka