Huo Si Utani

Ukitaka kuchekesha redioni, njia fupi ni kumwiga mtu wa shamba. Iga lafudhi ya Mmatengo aliyeshuka mjini kutoka milima ya Mbinga, au ya Mnyasa wa Mbamba Bay na usipa wake, mfanye aduwae mbele ya ghorofa, kisha ngoja watu wavunjike mbavu. Akitokea wa kulalamika ataambiwa: "Ah, ndugu yangu, huu ni utani tu!"

Nakataa. Utani tunaujua. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani. Mngoni akimtania Mhehe ajue atarudishiwa, pengine mbele ya wakwe zake. Msiba ukitokea, mtani yule yule ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi, na ana ruhusa ya kumwiga marehemu, ubahili wake na ulevi wake, wafiwa wakiwa wamekaa pale pale. Haogopi cheo cha marehemu. Sasa huyo mzee wa Mbinga anayeigizwa redioni atamjibu nani, na kwa kipaza sauti kipi?

Wapo wanaojitetea kwamba kuwacheka wakubwa ni hatari. Ni kweli, wala sibezi. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video inayomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Mashtaka yaliyofuata yakahusu laini ya simu. Yaani kucheka tu kulimfikisha mtu polisi! Lakini jirani zetu wa Kenya walikuwa na Redykyulass, kundi lililomwigiza Rais Moi mwishoni mwa miaka ya 1990, mwenyewe angali madarakani.

Tena si lazima kuanzia Ikulu. MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, kilianguka katika miaka hiyo hiyo ya 1990, na redioni sijasikia kichekesho hata kimoja juu ya ushirika wa kahawa. Mwenyekiti wa chama chochote, tai shingoni, anawasomea wakulima wa ngoro mapato na matumizi. Watu wanaojua idadi ya mashimo ya kila shamba lao wanaambiwa kwamba hawaelewi hesabu. Mwigizeni huyo. Naye ana lafudhi, na hubadilika kila anapofika kwenye safu ya matumizi.