Kompyuta yako ya kwanza si nganya: Anza na stima, taa za rangi baadaye

Jioni pale Railways jijini Nairobi, unapongoja gari la kukurudisha Rongai, hakuna anayeinama kuangalia injini. Unachagua nganya ya 125 au 126 kwa muziki, skrini, grafiti na taa zinazowaka kama disko. Kwa safari moja, hiyo ni sawa kabisa. Usipoipenda, kesho unapanda nyingine.

Shida huanza unapochagua vipuri vya kompyuta kwa macho yale yale. Vijana wengi wa Ronga, kuanzia Kware hadi Nkoroi, wanataka kujiundia kompyuta ya mezani ya bei nafuu. Kuna wa kuediti video, wa kujifunza kuandika programu, wa kazi za mtandaoni na wa kucheza gemu. Pesa yenyewe imetoka mbali: vibarua, mjengo, kusuka nywele, mkopo ambao mama alichukua kwa chama. Kisha mtu anatazama YouTube, anaona kompyuta ya jamaa wa Marekani yenye kesi ya kioo na feni za rangi saba, naye anaanza kununua kutoka juu kushuka chini. Kadi ya picha kwanza, kesi ya kioo pili, taa tatu. Salio ndilo linalonunua pawa saplai.

Mimi nasema geuza orodha hiyo juu chini. Anza na stima.

Kwa nini? Kila kitu ndani ya kompyuta kinakula kutoka sahani moja. Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240, na prosesa au diski haiwezi kuimeza hivyo. Pawa saplai ndiyo huishusha hadi volti 12, 5 na 3.3, kisha ikagawia kila mmoja fungu lake. Ikiwa ni ya hovyo, siku itakapoungua huenda isiondoke peke yake. Inaweza kwenda na madabodi, na hata diski iliyobeba kazi ya mteja ambaye hajakulipa.

Na huku kwetu unajua stima ilivyo. Mnamo Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilizama gizani kwa saa nyingi. Hata bila siku kubwa kama hiyo, stima hupotea mvua ikinyesha, na inaporudi inarudi na kishindo. Huyo jamaa wa YouTube hana shida hiyo, ndiyo maana hakuambii lolote kuihusu. Wewe unayo, kwa hivyo iweke kwenye bajeti.

Fanya hesabu kidogo kabla ya kudanganywa na stika. Prosesa kama Ryzen 5 5600G imepimwa wati 65. Kadi ya picha ya kiasi kama GTX 1650 imepimwa wati 75. Madabodi, RAM, SSD na feni uzipe wati 50 hivi. Jumla ni 190. Prosesa ikilemewa hupita kipimo chake kidogo, basi weka 250. Pawa saplai ya wati 450 ya kampuni inayojulikana itakutosha na kubaki. Ile iliyoandikwa wati 750 lakini nyepesi kama kikopo kitupu, ya jina ambalo hujawahi kusikia, iache hapo dukani. Tafuta alama ya 80 Plus, kisha andika jina la modeli kwenye simu uone kama kweli ipo duniani. Stika huchapishwa na yeyote.

Ongeza kizuizi cha stima, kama kile ambacho watu huchomekea friji. Pesa ikiruhusu, nunua UPS ndogo. Lakini soma vizuri: UPS ya VA 650 haitoi wati 650, nyingi hutoa kama wati 360 au 390. Haitakuwezesha kufanya kazi usiku kucha. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi ulichofanya na kuzima kwa amani. Kwa mtu anayeediti video ya harusi ya watu, dakika hizo ni pesa.

Cha pili ni SSD. Diski ya zamani inayozunguka husoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufika 500 na zaidi, na zile za NVMe hupita hata hapo mara kadhaa. Hakuna kitu kingine kitakachofanya kompyuta nzee ihisi mpya haraka hivi kwa pesa kidogo hivi. Kama una diski ya zamani, iweke ndani ikae na picha na sinema. Programu ziwe kwenye SSD.

Cha tatu ni RAM. Kwa kazi za leo, gigabaiti 16 ndizo za kulenga. Anza na 8 kama mfuko umekaza. Ukinunua 16, chukua vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu vikifanya kazi pamoja hupitisha data kwa njia mbili, na hilo husaidia sana kama huna kadi ya picha ya kando. Kumbuka DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la kila moja liko mahali tofauti, na kulazimisha ni kuvunja. Tena ujue bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025 kwa sababu kampuni za akili bandia zilikuwa zikiinunua kwa wingi mno. Ukipata kompyuta ya mtumba ambayo tayari ina RAM ya kutosha, hiyo ni hesabu ya kufikiria mara mbili.

Ndipo sasa tufike kwenye prosesa. Kwa kuanza, tafuta yenye uwezo wa picha ndani yake, ili usilazimike kununua kadi leo. Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa jina inamaanisha haina picha. Ukiinunua bila kadi, skrini itabaki nyeusi. Kwa upande wa AMD, zile za soketi ya AM4 zenye herufi G, kama hiyo 5600G, zina picha. Usiamini soketi pekee. Intel za kizazi cha 6 na 7 zinaingia kwenye soketi ya umbo lilelile na za kizazi cha 8 na 9, lakini madabodi zake si moja. Watu wamenunua prosesa na madabodi kwa wauzaji wawili tofauti, zikashikana vizuri, na hazikuwaka.

Kizazi kina maana nyingine pia. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11, kwa orodha yao rasmi, inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen za 2000 kwenda juu. Kwa hivyo ile Core i5 ya kizazi cha 4 unayouziwa kama "iko sawa tu" imeshapitwa. Ukiwa nayo tayari usiitupe. Iwekee Linux Mint au Ubuntu, ni bure na utajifunzia programu vizuri. Ila usiinunue leo kwa bei ya kizazi cha 8.

Sasa maoni yangu ambayo najua yatawaudhi wengine: kwa bajeti ndogo, usinunue kila kipuri kipya. Nunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile zinazoitwa ex-UK, kisha uijenge kutoka hapo. Tafuta majina kama HP EliteDesk 800 G4, Dell OptiPlex 7060 au Lenovo ThinkCentre M920. Hizo huja na Intel za kizazi cha 8 na kuendelea. Core i5-8500, kwa mfano, ina koa sita. Kampuni kubwa iliinunua, ikaiweka chini ya meza ya karani, ikaibadilisha baada ya miaka michache. Pawa saplai yake iliundwa na watu wa kazi, si wa stika.

Utaniambia, "Huko si kujiundia." Kwa nini? Utaifungua, utapuliza vumbi, utabadilisha dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, utaweka SSD, utaongeza RAM, utapanga programu upya. Mwaka ujao utaongeza kadi ya picha. Ukimaliza utajua kila waya unaenda wapi. Huo ndio ufundi. Mtu aliyelipa fundi amuunganishie vipuri vipya huku yeye akipiga selfi hajaunda kitu.

Lakini chagua mwili wake kwa makini. Chukua ile nene, ya mnara, si ile nyembamba. Nyembamba inakubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake ni ndogo tena ya umbo lake pekee. Hata kwenye ile nene, nyingi hutumia plagi za kampuni yenyewe, kwa hivyo uliza kabla ya kupanga kubadilisha. Angalia pia nyuma: kompyuta za ofisi hupenda DisplayPort, na TV ya nyumbani unayotaka kuitumia kama skrini ni ya HDMI. Weka pesa ya kiunganishi. Nyingi pia hazina Wi-Fi, basi weka pesa ya kile kifaa kidogo cha USB. Vitu hivi vidogo ndivyo humfanya mtu apande matatu tena hadi tao kwa sababu ya waya mmoja.

Ukienda Luthuli Avenue, au ukikutana na muuzaji wa mtandaoni, nenda na macho mawili. Usilipe kabla mashine haijawaka mbele yako. Beba flashi yenye programu tatu za bure. GPU-Z itakuambia kama kadi ya picha ni ya kweli. Kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa jina zikauzwa kama GTX 1050 Ti, na tangu 2018 programu hiyo huzitambua nyingi. CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo diski imetumika na afya yake. H2testw hupima kama flashi au diski ya nje ya "terabaiti 2" ina terabaiti hizo kweli, ingawa kipimo kamili huchukua muda. Na ukiona kadi kubwa ya picha kwa bei ya kushangaza, kumbuka kwamba Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi hizo Septemba 15, 2022, na nyingi zilizokuwa zikichemka usiku na mchana zilimwagwa sokoni. Si lazima iwe mbovu, lakini iache ifanye kazi nzito nusu saa mbele yako.

Dai risiti yenye nambari ya kipuri. Usione haya. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Lakini haki bila risiti ni hadithi ya kijiweni. Muuzaji anayekasirika ukiomba risiti ameshakujibu.

Kuna wanaosema nunua laptopu tu, ina betri na stima ikipotea unaendelea. Wana hoja. Kama unasoma Multimedia au Africa Nazarene na kila siku unabeba kazi darasani, laptopu ni yako. Lakini kama kazi yako iko chumbani, kompyuta ya mezani inakupa nguvu zaidi kwa pesa ileile, na kitu kimoja kikifa unabadilisha hicho kimoja. Laptopu nyingi za siku hizi zikiungua madabodi, unaanza upya.

Mwisho, usisahau vumbi. Wewe unaijua barabara ya kwenu wakati wa kiangazi. Kesi ya kioo isiyopitisha hewa ni jiko. Chagua yenye matundu mbele, iweke juu ya meza na si sakafuni, na uifungue kuisafisha kila baada ya miezi michache.

Ukitaka kipimo cha haraka, gawa kila shilingi 100 hivi: 60 za mnara wenyewe, 20 za SSD na RAM, 15 za kulinda stima, na 5 za waya, viunganishi na dawa ya joto. Skrini, kibodi na kipanya azima nyumbani kwanza. Taa za rangi hazimo. Zitakuja siku kompyuta yenyewe itakapozilipia.

Maana mteja aliye Kisumu au Toronto hataona kesi yako. Ataona tu kama kazi imefika saa uliyoahidi, au kama umemwandikia usiku wa manane kwamba stima imekuunguzia kila kitu. Na mama naye, siku ya chama ikifika, ataulizwa pesa zake. Kwa hivyo kabla ya kupanda gari la tao Jumamosi, chukua karatasi, andika kazi tatu utakazofanya na kompyuta hiyo, kisha andika vipuri. Juu kabisa uandike pawa saplai.