Maoni: Ngiri inatibika kwa upasuaji mdogo, lakini huku bado inaua

Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia, picha ni moja. Kijana anasukuma chukudu yenye magunia ya makala. Mama anapanda kilima, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Mchimbaji anatoka ndani ya shimo na mfuko wa mawe begani. Kati yao wako wenye kubeba mzigo mwingine ambao hawaonyeshi mtu: uvimbe kwenye kinena, unaotoka wakati wa kazi na kurudi ndani wakiisha kulala. Ni ngiri, ambayo wengi huku wanaiita erni.

Ugonjwa huu unajulikana tangu zamani. Matibabu yake ni upasuaji mdogo, ambao hospitali kuu ya rufaa ya zone ya afya inapaswa kuweza kuufanya. Hata hivyo, watu wanaendelea kufika hospitalini siku ya mwisho, tumbo limevimba, wakitapika, utumbo umeanza kuoza ndani. Hiyo si bahati mbaya. Ni matunda ya haya, ya bei isiyojulikana mapema, na ya serikali ambayo haijaiweka ngiri kati ya magonjwa yenye kustahili msaada.

Ukuta wenye ufa

Tumbo la mtu limezungukwa na ukuta wa misuli unaoshikilia matumbo ndani. Pahali ukuta huo ni dhaifu, ama palipobaki tundu tangu mtoto akiwa ndani ya mimba, sehemu ya utumbo ama mafuta yanayoufunika inasukumwa nje, chini ya ngozi. Kikohozi cha muda mrefu, kujikaza chooni, mimba na mizigo mizito vinaongeza nguvu ya kusukuma. Hakuna uchawi ndani yake, wala si malipo ya uzinzi kama vile mdomo wa mtaa unavyopenda kusema.

Aina ni nyingi. Ngiri ya kinena ndiyo inaongoza: ni karibu robo tatu ya ngiri zote za ukuta wa tumbo. Kufuatana na hesabu ambazo wapasuaji wa dunia wanazitumia, wanaume 27 kati ya 100 wanaweza kuipata katika maisha yao, na wanawake 3 kati ya 100. Kwa mwanaume inaweza kushuka mpaka ndani ya mfuko wa korodani. Ngiri ya paja inatokea chini kidogo ya kinena. Inapata zaidi wanawake, ni ndogo, inafichika, lakini ndiyo yenye haraka ya kukazwa. Kuna pia ya kitovu, kuna ya katikati ya tumbo juu ya kitovu, na kuna ya kovu, inayotoka pahali mtu alipopasuliwa zamani.

Hii ya kovu inahusu sana Mashariki ya Kongo. Huku wamama wengi wamezaa kwa operesheni, na watu wengi wamefunguliwa tumbo kwa sababu ya risasi ama vipande vya bomu. Kidonda kikiingiwa na mikrobi, kovu linabaki dhaifu, na miezi ama miaka baadaye tumbo linaanza kutokeza hapo.

Kwa watoto, wazazi wanapaswa kutofautisha mambo mawili. Ngiri ya kitovu mara nyingi inajifunga yenyewe kabla mtoto hajafika miaka 4 ama 5. Kufunga sarafu juu ya kitovu hakusaidii, na kunaweza kuumiza ngozi. Lakini ngiri ya kinena ya mtoto haijifungi yenyewe. Inaomba kupasuliwa bila kuchelewa, maana kwa mtoto mchanga inakazwa upesi.

Mkono wa daktari unatosha mara nyingi

Ngiri haidai mashine ya bei kali ili ijulikane. Daktari ama muuguzi aliyefunzwa anamwambia mgonjwa asimame na akohoe, huku ameweka vidole kwenye kinena. Uvimbe ukisukuma vidole, kisha ukarudi ndani mgonjwa akilala, jibu limepatikana. Tochi inasaidia kuitofautisha na maji ya korodani: maji yanapitisha mwanga, lakini ngiri ya mtu mzima kwa kawaida haipitishi. Ekografi inabaki kwa wale ambao mkono haukutoa jibu, hasa wanawake na watu wanene.

Kwa hiyo kituo cha afya cha kijiji kinaweza kujua ngiri na kumtuma mgonjwa hospitalini wakati ingali na amani. Kinachokosekana mara nyingi ni neno la kwanza. Mwanaume anaona haya kuvua suruali mbele ya muuguzi, zaidi kama muuguzi ni mwanamke. Mama anaogopa mume wake atafikiri mambo mengine. Wanajifunga mkanda ama kitambaa na kurudia kazi. Mkanda unaficha uvimbe, lakini tundu linabaki vile lilivyo.

Alama za hatari zinapaswa kujulikana katika kila nyumba. Uvimbe ambao zamani ulikuwa unarudi ndani, na leo unakataa. Uvimbe mgumu, wenye kuuma sana, ngozi yake ikibadilika rangi. Kutapika, tumbo kujaa, kukosa kwenda choo na hata hewa kukataa kutoka. Hapo utumbo umekazwa ndani ya tundu na damu haipiti tena. Masaa yanahesabiwa. Kumpa mgonjwa dawa ya kuharisha, kumkanda uvimbe kwa nguvu ama kumpeleka kwanza kwa mtu wa kuchanja ni kumpotezea masaa yake ya mwisho.

Hoja ya kungoja haifai huku

Wako wanaosema kwamba si kila ngiri inastahili kisu. Hoja hiyo ina msingi. Mwaka 2006, wapasuaji wa Amerika ya Kaskazini walitangaza utafiti juu ya wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana. Nusu walipasuliwa, nusu waliangaliwa tu. Kati ya walioangaliwa, waliokazwa walikuwa wachache sana, chini ya 2 kwa mwaka katika kila watu 1.000.

Lakini wanaume hao hawakuwa wakiishi Walikale wala Shabunda. Walikuwa na simu, gari, barabara na hospitali yenye mpasuaji usiku na mchana. Siku ngiri ingekazwa, wangefika kwenye chumba cha upasuaji mapema. Huku, mgonjwa anabebwa kwenye tipoyi masaa mengi, anapita vizuizi vya watu wenye silaha, na anaweza kufika pahali ambako hakuna mafuta ya kuwasha jenereta. Tena, watafiti walewale waliporudi kuhesabu miaka kumi baadaye, waliona kwamba karibu watu 7 kati ya 10 walioambiwa kungoja walikuwa wamekwisha kupasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Kama Mwamerika mwenye hospitali karibu anaishia kwenye kisu, mbebaji mizigo wa Masisi hana sababu ya kungoja mpaka ngiri imchagulie siku.

Tofauti kati ya siku hizo mbili ni kubwa. Ngiri ikipasuliwa kwa amani, dawa ya ganzi ya pahali pamoja inaweza kutosha, kazi inaisha kwa saa moja hivi, na mgonjwa anarudi nyumbani siku ile ama kesho yake. Ikikazwa, inahitaji kufungua, kukata utumbo uliooza, kushona, kuongeza damu pengine, na kukaa hospitalini siku nyingi. Fakitire inapanda mara nyingi zaidi, na pengine ni familia yenye maiti ndiyo inabaki kuilipa. Mwenye kuogopa bei ya leo anajiwekea bei kubwa zaidi ya kesho.

Uganda ilionyesha njia

Mwishoni mwa karne ya 19, Mwitaliano Edoardo Bassini alionyesha namna ya kujenga upya ukuta wa kinena kwa kushona. Tangu miaka ya 1980, wapasuaji wengi wanafuata njia ya Mwamerika Irving Lichtenstein: wanaweka wavu mwembamba juu ya pahali padhaifu, ili ukuta upate nguvu bila misuli kuvutwa. Ngiri inarudi mara chache zaidi. Shida ni bei, kwa sababu wavu wa kiwandani unaweza kuzidi dola 100.

Jirani zetu wa Uganda walishiriki katika kupata jibu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, wanaume 302 wa mashariki ya nchi hiyo walipasuliwa, wengine kwa wavu wa kiwandani, wengine kwa wavu wa bei ndogo uliokatwa kutoka kitambaa cha chandarua na kusafishwa kwa mashine ya kuua mikrobi. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yalikuwa sawasawa. Kitambaa hicho hakikuwa na dawa ya mbu. Mtu asijaribu kupeleka chandarua cha kitandani kwa mpasuaji. Lakini funzo ni wazi: bei ya wavu haipaswi tena kuwa kisingizio. Na pale wavu haupo kabisa, kushona kwa ufundi mzuri kungali matibabu halali.

Kisingizio cha kukosa mabingwa nacho kimepungua nguvu. Katika Sierra Leone, utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watumishi wa afya wasio madaktari, wakifunzwa vizuri, wanapasua ngiri ya kinena bila matokeo mabaya kuliko ya madaktari. Katika vijiji vya Kongo, madaktari wa kawaida ndio wanaofanya sehemu kubwa ya upasuaji. Wanastahili mafunzo na vyombo, si lawama.

Nani afanye nini

Ni kweli kwamba vita imebana kila kitu. Katika Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa kimataifa unasaidia wapasuaji, ilijaa majeruhi wakati mji ulipoangukia mikononi mwa M23 Januari 2025. Mwenye risasi anapita mbele, na hakuna wa kupinga hilo. Lakini hospitali inayongoja amani kamili ili ianze kutibu ngiri za kawaida itapokea zilezile usiku, zikiwa zimekazwa, pembeni ya majeruhi.

Hospitali zinaweza kuanza na jambo lisilodai msaada wa mtu: kuandika mlangoni bei moja ya upasuaji wa ngiri, yenye kuhesabu dawa, vitanda na kila kitu, na kukubali malipo ya kidogo kidogo kabla ya siku ya kupasuliwa. Mgonjwa wengi wanachoogopa zaidi ya kisu ni kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Serikali, ambayo mwaka 2023 ilianzisha kuzaa bure kuanzia Kinshasa, iongeze ngiri kati ya matibabu yanayolipwa na mfuko wa afya kwa wote, angalau ile ya watoto na ile iliyokazwa.

Vyama navyo vina kazi. Baada ya kupasuliwa, mtu anaombwa asibebe mizigo mizito kwa wiki kadhaa, na kwa anayekula kazi ya siku, wiki hizo ni njaa. Watu wa chukudu, wabebaji wa bandarini, makoperative ya wachimbaji na wamama wa likelemba wanaweza kupanga zamu: mwezi huu feza zinamsaidia huyu apasuliwe na apumzike, mwezi ujao mwingine. Wanachangia matanga kila wiki. Kuchangia upasuaji kabla ya matanga ni bei ndogo zaidi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ngiri, neno hilo si mfano tu. Ufa uko ndani ya ukuta wa tumbo, mafundi wa kuuziba wako, na uzi upo. Kijana wa chukudu mwenye uvimbe kwenye kinena hana lazima ya kungoja usiku wa kutapika ili amwambie muuguzi kitu ambacho angeweza kumwambia leo asubuhi.