Uji wa Mtoto Usipimwe kwa Tumbo la Mkubwa



Kila baada ya mavuno tunasikia maneno haya: "Mahindi yenye ukungu tumekula tangu enzi za babu, mbona hatujafa?" Panya wa maabara wanatusaidia kuyajibu.

Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga wapatao 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sumu ya ukungu ule ikaitwa aflatoksini. Siku hizi wengi huiita sumukuvu. Wataalamu walipoijaribu kwa panya wadogo wa maabara, wale wakubwa waliistahimili. Lakini mwaka 1972 watafiti wa Marekani walieleza jambo jingine. Panya wachanga waliodungwa sumu hiyo sindano chache katika siku zao za kwanza walikua, na baada ya miezi mingi wengi wao wakakutwa na uvimbe kwenye ini. Ini la panya mkubwa lina uwezo wa kuivunja nguvu sumu hiyo. La mchanga bado halina.

Mtu atasema: panya si binadamu, na hakuna mama anayemdunga mwanawe sumu. Ni kweli. Lakini binadamu hana hata kinga ya yule panya mkubwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 yakaua wengine huko Dodoma na Manyara. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kila siku haoni kitu, na saratani ya ini huja baada ya miaka. Na ni nani anayekula mahindi na karanga kila siku kuliko mtoto aliyeanzishiwa uji?

Kwa maoni yangu, desturi ya kuuza mahindi safi na kubakiza mabovu kwa chakula cha nyumbani lazima ikome. Najua njaa ipo. Hata hivyo, kibaba kimoja cha mahindi safi ni bora kuliko debe la mabovu, kwani kuchemsha hakuiondoi sumu hii.

Basi, akina baba na akina mama, tufanye hivi:

1. Tuanike mahindi na karanga juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo.
2. Tuchambue kabla ya kusaga. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa zitupwe; wasipewe kuku wala ng'ombe, wala zisipikiwe pombe.
3. Tusiogope sindano za kliniki. Virusi vya homa ya ini B vikikutana na sumu hii, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi. Chanjo yake ipo, na mtoto aikamilishe.

Mkubwa akisema yeye hajadhurika, asikilizwe kwa heshima. Lakini asiwe yeye kipimo cha uji wa mtoto.