NANI AMETENDA? SOMENI VEMA KIINGEREZA CHA BARUA ZENU



Katika pande zetu hizi za Maungu na Voi, kazi hufanywa kwa Kiswahili. Nyapara huamrisha kwa Kiswahili, na watu walioletwa na reli na barabara ya Mombasa husikilizana kwa lugha hiyo. Lakini barua ya kumwondoa mtu kazini mara nyingi huja kwa Kiingereza, ijapokuwa Katiba ya 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze jambo moja la sarufi, maana ndani yake mna riziki za watu.

Kiingereza, kama Kiswahili, kina kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. "The foreman stopped the machine" ni kutenda: nyapara alisimamisha mashine. "The machine was stopped by the foreman" ni kutendwa: mashine ilisimamishwa na nyapara. Sisi hutia "w" karibu na mwisho wa kitenzi. Mwingereza hutanguliza neno la kuwa, kama "is", "was", "has been" au "will be". Mtendaji hufuata neno "by", kama sisi tusemavyo "na".

Sasa angalieni. Neno "by" na mtu wake laweza kuachwa, na sentensi ikabaki nzima. "It has been decided." Imeamuliwa. Nani ameamua? Barua haisemi. "Wages will be paid." Mishahara italipwa. Nani atalipa, kampuni au kontrakta aliyeleta watu? Mwisho wa mwezi kila mmoja aweza kumwelekeza mtu kwa mwenziwe.

Tena mwangalie wakati. "Will be paid" ni ahadi. "Have been paid" ni stakabadhi. Atiaye sahihi chini ya "All dues have been paid" kabla ya kushika fedha amejifunga mwenyewe.

Mtego mwingine ni huu. "The gate was broken" yaweza kuwa lango lilivunjwa, au lango lilikuwa limevunjika. Kiswahili hutenganisha mambo hayo. Kiingereza huyaweka katika neno moja. Mlinzi akijibu "Yes" kwa kuwa ni kweli limevunjika, aweza kuandikwa kwamba amekubali lilivunjwa katika zamu yake. Heri ajibu kwa kauli ya kutenda: "I found the gate broken at six in the morning." Yaani, nililikuta limevunjika saa kumi na mbili asubuhi.

Hatusemi kwamba kila kauli ya kutendwa ni hila. Ghala likivunjwa usiku na mwizi asijulikane, hakuna namna nyingine iliyo ya kweli. Lakini pale mtendaji anapojulikana naye hakutajwa, ni haki yetu kuuliza.

Na sheria iko upande wa muulizaji. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, yasema asiyeelewa lugha ya mkataba aelezwe kwa lugha aielewayo. Kifungu cha 41 chasema kabla ya mtu kuondolewa kwa kosa, kwa kazi mbaya au kwa udhaifu wa mwili, aelezwe sababu kwa lugha aielewayo, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na maneno yao yasikilizwe. Shauri likifika mahakamani, kifungu cha 43 chamtaka mwajiri ndiye athibitishe sababu.

Basi, ndugu, upatapo barua, tafuta vitenzi vyake. Kila penye "was" au "been" pasipo "by", andika pembeni: NANI? Kisha mpelekee mwakilishi wako kabla ya kujibu, wala usitie sahihi kwa haya. Asiyejua Kiingereza si mjinga. Mjinga ni yule anyamazaye asichokielewa.

Umoja ni nguvu.