Ankara ya maji imeusahau msitu

KAULI YA MWAMBAO
Na Mwanaidi Shemdoe

Ankara ya maji imeingia kwenye simu nikiwa Ngamiani, hapa Tanga, nasubiri chai. Nimeisoma mara mbili. Uniti nilizotumia zimo, deni limo, namba ya kulipia imo. Msitu haumo.

Maji ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani. Mabayani inajazwa na mto Zigi, na vijito vya Zigi vinaanzia Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani. Hiyo si misitu ya kupandwa. Wanasayansi wanakadiria umri wake kwa mamilioni ya miaka: sehemu nyingine za Afrika zilipokauka, unyevu wa Bahari ya Hindi uliendelea kuifikia milima hii, miti ikabaki. Ndiyo maana kuna vyura na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Hata lile ua dogo la zambarau linalopambia madirisha ya Ulaya, Saintpaulia, limepewa jina la Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, lakini kwao ni huku.

Watu wa Tanga tuna msemo wetu: waja leo waondoka leo. Mvua isiyo na msitu ndivyo ilivyo. Hushuka leo na kuondoka leo, tena na udongo wetu, ikautupe bwawani. Penye msitu hukaribishwa, ikalala kwenye mboji na mizizi, ikatoka kidogokidogo hadi kiangazi.

Nani anagharimia ukarimu huo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, lakini ichukue ukapime shambani. Ekari moja yenye umbo la mraba ina upande wa mita 64 hivi. Mkulima mwenye ekari moja kando ya kijito akitii sheria, anabakiwa na kipande cha kuanikia iliki.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliomba mkopo kwa umma kwa hatifungani ya kijani ya miaka 10, ya shilingi bilioni 53.12. Naipongeza. Aliyeinunua anapata riba, na ni haki yake. Je, huyu aliyeacha migomba yake ili mimi nifungue bomba? Naye ni mkopeshaji. Ametukopesha bonde.

Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wana umoja wao wa kulinda vyanzo, UWAMAKIZI, na mamlaka imekuwa ikishirikiana nao. Ni mwanzo mwema. Ila ushirikiano wa hiari hukatwa bajeti ikibana. Kilichoandikwa kwenye ankara hudaiwa kila mwezi.

Najua muuza vitumbua atauliza kwa nini aongezewe mzigo wa kuwalipa wakulima. Asiongezewe. Waanze wanaotumia maji mengi, viwanda na hoteli, ambao bwawa likijaa tope ndio wa kwanza kupiga simu. Fedha ihesabiwe kwa mita za ukingo alizoziacha kila mkulima, naye azipokee kwa simu, kama mimi ninavyopokea ankara.

Kiasi kiwe kidogo, sina neno. Ila kiandikwe, chini ya uniti na juu ya deni: msitu.